Mume anataka kokoto nyeupe, mama mkwe anafagia majani yangu

Bwana Shamba, shikamoo.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilihamia Dodoma kikazi kutoka Dar es Salaam, na Mungu katujalia tumejenga Nzuguni. Nyumba imekwisha, ila nje bado ni vumbi tupu. Mbele, kati ya kibaraza na geti, kuna eneo la mita 10 kwa 6 hivi. Nimepanda mawaridi, asumini, mipapai miwili na mwembe wa kubebesha ambao bado unanifika kiunoni. Kandokando ya fensi nimeweka mishubiri. Maji ya bomba yanatoka kwa mgao, kwa hiyo kiangazi namwagilia kwa ndoo nikitoka kazini. Asubuhi nikiamka udongo umekauka na kupasuka, utadhani jana sikumwaga kitu.

Mama mmoja tunayefanya naye kazi alinishauri niweke matandazo. Nikakusanya nyasi kavu, majani ya mwarobaini na maganda ya karanga, nikatandaza kuzunguka mimea. Bwana Shamba, nilipumua. Ndoo zilipungua na mawaridi yakaanza kuchanua. Kisha mama mkwe akaja kutusalimia kutoka Kondoa. Kila alfajiri anaamka na ufagio, anafagia kila kitu, anarundika karibu na ukuta na kuchoma moto. Anasema uwanja wa mwanamke aliyeolewa haulali na takataka, na kwamba nawaitia wanawe mchwa na nyoka. Kubishana na mama mkwe siwezi, nawe unajua.

Baya zaidi, juzi nilinyanyua rundo moja ambalo halijachomwa, chini ya dirisha la chumba cha watoto, nikakuta mchwa tele. Wameshaanza kupandisha kanjia ka udongo ukutani.

Hapo mume wangu akapata pa kusemea. Yeye tangu mwanzo anataka kokoto nyeupe, zile alizoziona kwa rafiki yake Ilazo. Fundi ameshakuja kupima. Anasema atasafisha eneo lote, atatandika nailoni nyeusi, juu yake amwage kokoto nyeupe mpaka getini, na mimea ataiachia vitobo. Anaahidi gugu hatutaliona tena maishani. Gharama yake inakula karibu mishahara yangu ya miezi miwili. Na nailoni mume wangu ameshainunua, roli zima liko stoo.

Sitaki ugomvi nyumbani, lakini pia sitaki asumini yangu ife. Nifuate lipi?

Mama Wawili, Nzuguni, Dodoma

*

Marahaba, Mama Wawili. Hongera kwa nyumba na pole kwa ndoo.

Nianze na lile lisiloweza kungoja: nailoni isiingie bustanini. Kokoto tutazijadili, matandazo tutayajadili, ila nailoni chini ya mimea hai haina mjadala. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi. Maji hayo machache yakiangukia juu ya nailoni hayazami. Yanatafuta mteremko, na mara nyingi mteremko wenyewe unaishia kwenye msingi wa nyumba. Mwembe nao hauishi kwa kitobo cha upana wa sahani. Mizizi yake inatambaa mbali ikifuata hewa na unyevu, na chini ya nailoni itakosa vyote viwili. Mawaridi yatavumilia mwaka wa kwanza. Baadaye utaona majani yanapungua, utadhani ni ugonjwa, uende duka la pembejeo ukanunue dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Na ile ahadi ya kutoliona gugu maishani, fundi anaitoa kwa sababu Agosti yeye hatakuwepo. Wewe utakuwepo, na unaujua upepo wetu wa kiangazi. Vumbi litaingia katikati ya kokoto na kutulia juu ya nailoni, misimu miwili tu na tayari una kitanda chembamba cha udongo ambacho mbegu zinakipenda sana. Magugu yakiota humo, jembe halipiti, kwa kuwa linagonga mawe na kuchana nailoni. Utang'oa kwa mkono, umechuchumaa juani. Kama hapo kwako kuna ndago, ndiyo kabisa. Ncha yake inatoboa nailoni na kutokea juu bila wasiwasi.

Kuhusu weupe, mwambie shemeji akamuulize huyo rafiki wa Ilazo kokoto zake zilimwagwa lini na zimeshaoshwa mara ngapi. Vumbi letu ni jekundu. Kokoto nyeupe zikipita kiangazi kimoja tu zinakuwa na rangi ya chai ya maziwa, na maji ya kuziosha ndiyo hayo hayo unayoyasubiri kwa mgao. Kwenye nyumba za kifahari zinabaki nyeupe kwa sababu kuna mtu analipwa kuzishughulikia.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kokoto nyingi nyeupe ni mawe ya chokaa au marumaru. Chukua moja, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, ni la chokaa. Mawe ya namna hiyo huachia chokaa udongoni polepole mwaka hadi mwaka, na mimea kama mawaridi na asumini huanza kushindwa kufyonza madini ya chuma. Dalili yake ni jani changa kuwa njano huku mishipa yake imebaki kijani. Ukiwa pia unamwagilia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kama walivyo wengi hapa mjini, umeongeza mzigo juu ya mzigo.

Joto usilisahau. Jioni moja yenye jua kali nenda kaweke kiganja kwenye kokoto za jirani, saa mbili usiku hivi, kisha kiweke chini ya majani makavu. Mawe yanahifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Yakijaa mbele ya nyumba nzima, hilo joto linaingia kwa dirisha la watoto.

Lakini nisimwonee shemeji, maana mawe nayo ni matandazo. Yanazuia jua lisipige udongo moja kwa moja, hayaliwi na mchwa na hayapeperuki. Kule Lanzarote, kisiwa cha Hispania chenye mvua chache kuliko Dodoma, volkano ililipuka kati ya mwaka 1730 na 1736 ikafunika mashamba kwa changarawe nyeusi. Wakulima wakachimba mashimo humo, wakapanda mizabibu, na mpaka leo wanavuna na kutengeneza mvinyo. Sisi watu wa zabibu tunapaswa kuwaheshimu. Ila angalia walichofanya: mizizi yao iko kwenye udongo halisi, changarawe yao ina matundu madogo madogo, na hakuna karatasi katikati. Ile changarawe inafanya kazi. Mpango wa fundi wenu unauza sura.

Sasa mchwa, maana naona ndio waliokutia hofu.

Mchwa hawakuletwa na matandazo yako. Walikuwepo chini kabla hujanunua kiwanja. Chakula chao ni vitu vikavu vilivyokufa: nyasi, mabua, vijiti, karatasi, mbao. Ukiwafagilia kila jani kavu wasipate cha kula, hawahami. Wanageukia kilichopo, na mara nyingi kilichopo ni mche mchanga ulio na kiu, au fremu ya mlango. Kwa hiyo majani makavu kwenye bustani, mbali na nyumba, si hatari kama mama anavyofikiri. Hatari ni rundo lililoegemezwa ukutani, na hilo rundo, samahani, limetengenezwa na ufagio. Majani uliyotandaza kwenye mawaridi hayakuwa yanagusa nyumba. Yalipofagiliwa kusubiri kiberiti ndipo mchwa walipopata kivuli, unyevu na daraja la kupandia.

Hako kanjia ka udongo kabomoe leo hii kwa kisu au brashi, kisha kaangalie kila baada ya siku mbili tatu. Kakijengwa tena palepale, ujue kuna ufa wanaoutumia, na hapo mwite mtu wa kupuliza dawa atibu msingi. Usimwage dawa mwenyewe kwenye bustani nzima, maana una mipapai ambayo watoto watakula.

Na hapa ndipo kokoto za shemeji zinapopata nafasi yake. Kuzunguka nyumba, kuanzia ukutani kwenda nje, acha mkanda wa sentimita 60 usio na mmea wala jani. Hapo mwaga kokoto, na uhakikishe zinaishia chini ya usawa wa sakafu ya ndani ili sehemu ya chini ya ukuta ionekane muda wote. Mchwa wakipanda utawaona mapema. Faida ya pili utaiona mvua ya kwanza ikinyesha: maji ya bati yataangukia mawe badala ya udongo, na ukuta hautarukiwa na tope jekundu ambalo limechafua rangi ya nyumba nusu ya mji huu. Njia ya kutoka kibarazani hadi getini nayo iwe ya kokoto. Kule kwa mishubiri zimwage tu, haina shida, mishubiri inapenda miguu mikavu.

Tafuta kokoto za kawaida za kijivu, za nusu inchi au robo tatu, zile zile za zege. Mawe ya Dodoma ni haya haya ya milimani kwetu, hayatoi chokaa na vumbi halionekani sana juu yake. Kwa unene wa sentimita 5, eneo lako lote la mita za mraba 60 lingekula mita 3 za ujazo, ambazo ni tani nne na nusu hivi. Mkanda wa mbele ya nyumba pamoja na njia ya upana wa mita moja na ushee havifiki hata mita moja ya ujazo. Hiyo ni safari mbili za kirikuu, na mshahara wako wa pili umebaki benki.

Kwenye mimea, rudisha matandazo. Maganda ya karanga ulichagua vizuri sana. Ni mazito kuliko pumba za mpunga, hayapeperuki ovyo, na mkoa huu hauna shida ya kuyapata. Karanga na Dodoma wana historia yao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa, wakafyeka pori kwa matrekta, udongo ukabaki wazi juani. Mvua zilikuwa haba, na kiangazi ule mfinyanzi uligeuka mgumu hata karanga zenyewe hazichimbiki. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Udongo wa nchi hii hautaki kuachwa uchi, na huo uliopasuka mbele ya kibaraza chako unakwambia hivyo hivyo.

Namna ya kuweka ina kanuni zake. Palilia kwanza, kisha mwagilia mpaka maji yazame kabisa, ndipo utandaze. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, manyunyu yote yatanyonywa na majani na mizizi isipate kitu. Unene uwe wa vidole vinne vilivyolazwa, yaani sentimita 7 au 8. Pungufu ya hapo magugu yatakucheka. Kisha, na hapa wengi wanakosea, sogeza matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka kila mmea, na kwa mipapai acha zaidi, kwa sababu shina lake ni laini na likikaa na unyevu linaoza pale chini, mti mzima unaanguka ukiwa na matunda. Kwa vitanda vyako nakadiria magunia 20 ya maganda. Juu yake lazia vijiti vya mwarobaini ulivyopogoa, ili upepo wa Julai usiyahamishie kwa jirani.

Ukikosa maganda, maranda ya kwa seremala yanafaa, ila muulize ametoka kuranda mbao gani. Mbao za kenchi zilizotiwa dawa ya kijani zinaweza kuwa na aseniki, na maranda yake hayafai karibu na kitu kinacholiwa. Nyasi tumia zilizokatwa kabla hazijatoa mbegu, vinginevyo unajipandia shida.

Nikwambie ukweli, matandazo ni kazi ya kila mwaka. Mvua zikiisha Aprili utakuta karibu nusu imeoza na kuingia ardhini. Ndiyo faida yake, kwa kuwa imekuwa mboji na udongo wako unabadilika taratibu, lakini ndiyo kero yake pia, kwa kuwa lazima uongeze. Na Aprili hiyo hiyo, udongo ukiwa bado umeshiba maji, ndio wakati mzuri wa kuongeza. Kama wewe ni mtu wa kuweka kitu na kusahau, niambie mapema nikushauri upunguze mimea.

Tuje kwa mama.

Usimwone mkorofi. Uwanja uliofagiwa una akili yake. Kwenye ardhi tupu nyoka anaonekana, nge anaonekana, na mtoto anatambaa bila mama kuwa na mashaka. Anachokiona yeye ukitandaza majani hadi mlangoni ni mkwe aliyeshindwa kazi. Kwa hiyo mpe uwanja wake. Kibarazani, njiani na kuzunguka mlango pabaki pasafi, pafagiwe kila alfajiri anavyopenda. Matandazo yabaki kwenye vitanda tu, na vitanda vyenyewe vizungushie mpaka unaoonekana: matofali yaliyolazwa ubavu, au mawe makubwa kidogo yaliyopangwa mstari. Huo mpaka ndio unaotofautisha bustani na takataka. Majani yale yale, bila mpaka ni uchafu, yakiwa ndani ya mpaka yanaonekana ya makusudi. Hata mgeni hatauliza.

Na mnapokaa jioni, muombe akusimulie habari za HADO. Mtu mzima wa Kondoa hakosi cha kusema. Hifadhi Ardhi Dodoma ilianza mwaka 1973 kwa sababu ardhi ya kwao ilikuwa imeliwa na makorongo, na mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika ili nyasi zirudi zifunike udongo. Watu walilia, ng'ombe ni ng'ombe. Lakini nyasi zilirudi. Msikilize mpaka mwisho, kisha mwambie, "Mama, na mimi hapa nafunika kidogo." Usimwambie kwamba Bwana Shamba amesema. Akiridhika, muombe yeye ndiye apange yale mawe ya mpaka, na sidhani kama mtu atachoma alichokipanga kwa mikono yake.

Shemeji naye mwonyeshe hesabu. Kokoto anazipata, njia yake ya kuingilia inapendeza, na pesa inabaki. Kama moyo wake uko kwenye weupe kweli, anunue mfuko mmoja aweke kwenye vyungu vya kibarazani, pale anapoweza kuziosha kwa kikombe.

Nailoni iliyoko stoo usiitupe. Kata kipande ufunikie samadi ya ng'ombe iwe inaoza bila kukauka, wiki chache tu utaona inavyobadilika. Kingine funika magunia ya maganda, yasinyeshewe kabla hujayatumia. Kinachobaki muuzieni mtu anayemwaga jamvi, kwa sababu chini ya sakafu ya zege ndipo nailoni inapotakiwa.